Mlango Unaofunguka kwa Nje

Sogeeni, wanangu, sogeeni mpaka kitandani, maana sauti yangu siku hizi haivuki shuka. Habari hii ya mlango wetu niliambiwa na mama mkwe wangu, mama mzaa baba yenu. Alinisimulia humu humu ndani siku niliyoletwa bibi harusi, niliposukuma mlango kwa bega mpaka nikataka kulia, nikidhani wamebadili nia wamenifungia nje. Yeye yuko ndani anacheka. "Vuta, mwanangu, usisukume. Kwenye nyumba hii mtu anarudi nyuma kwanza, ndipo anaingia."

Mnazisikia hizo nyundo? Mtaa mzima unapigilia mbao madirishani. Redio imesema kimbunga kitafika usiku, waliokuwa na magari na pa kwenda wameshakwenda, na mimi sibebeki. Niliwaambia mniache mwende na watoto, mkaniziba mdomo kwa uji. Haya, tuko wote. Basi wosia wangu nautoa sasa hivi, kabla upepo haujaanza kusema, maana ukianza wenyewe hakuna atakayenisikia mimi.

Wewe kifungua mimba wangu, fundi magari wangu, weka hiyo simu chini. Na wewe binti yangu, najua ni muuguzi, lakini niachie huo mshipa, moyo upo, ukisimama nitakwambia.

Nyumba hii ni yenu nyote wawili. Chumba hiki na jiko ni vya binti, kwa sababu aliolewa akarudi, na sitaki siku moja wifi wa mtu amwambie kwamba yeye hapa ni mgeni. Vyumba vya mbele ni vya kaka. Sebule ni ya wote, na bafu ni la wote, na hilo bafu mlitunze kuliko sebule, mtanielewa. Kuuza, mtauza siku mtakayokubaliana mkiwa mmeshiba na hakuna aliyenuna, yaani hamtauza kamwe, nawajua.

Sasa ule mlango wa vioo, baba. Nimeuona, umeuegemeza sebuleni na nailoni yake. Mzuri, unang'aa kama meno ya mchumba. Unasema wageni wako wanasukuma huu wa zamani mpaka wanaumia mabega, wanacheka nyumba yetu. Waache wacheke. Vioo vyako kapambe navyo gereji, hapa visikanyage, na nikishafukiwa usije ukasema mama hakujua mambo ya kisasa. Sikiliza kwanza.

Zamani mlango wa nyumba hii ulifunguka kwa ndani, kama wa watu wote. Mama mkwe alikuwa bado kijana, watoto wake wadogo, na ng'ambo ya uzio alikaa mke wa fundi viatu na mama yake mzee. Mama mkwe na huyo mke wa fundi viatu walikuwa wanaazimana mpaka chumvi ya kuonja, hadi ilipowaingilia sufuria. Sufuria iliazimwa ina mfuniko, ikarudi haina. Huyu anasema nilirudisha, yule anasema hukurudisha, mara wakatiana wazazi ndani, ikawa ndiyo basi. Wakikutana bombani kila mmoja anakodolea ndoo yake, utadhani humo ndani kuna samaki anaogelea.

Wakiwa hivyo hivyo, kimbunga kikaja. Kilianza asubuhi, kikitokea upande wa nyuma, jikoni. Paa lililia kama ng'ombe anayezaa. Babu yenu, mwili wake ulikuwa wa mtu wa kubeba magunia, alikaa mgongo kwenye mlango wa jikoni, na mama mkwe akawakumbatia watoto bafuni, maana bafu peke yake lilikuwa na zege juu. Wakakaa, wakakaa, kisha pakanyamaza. Kimya kabisa. Jua likatoka, mpaka kuku wakashuka walikojificha.

Mama mkwe akatoka uani. Akamwona mwenzake naye katoka, mama yake mzee kakaa kwenye ngazi amejifunika kanga, na paa lao limefunuka pembeni, bati linaning'inia. Mama mkwe aliliona lile bati. Na alikuwa anajua, kwa sababu mumewe alimwambia, kwamba hapo kimbunga kinapumua tu, kitageuka kitokee mbele, na kile cha pili ndicho kinachomaliza. Neno lenyewe lilikuwa fupi: njooni. Likampanda mpaka kooni. Moyo ukamwambia, aanze yeye. Na mwenzake kule anatazama paa letu zima, anameza mate, na yeye moyo unamwambia, wakinitaka si wataniita. Basi wanawake wazima wakawa wanaokotaokota vijiti uani, kana kwamba vijiti ndivyo vilivyowatoa. Mwanga ukaanza kufifia. Kila mmoja akaingia kwake akafunga.

Mama mkwe, kila aliporudia habari hii, akifika hapo alikuwa anasugua magoti, ndipo aendelee.

Upepo ukarudi, safari hii kwa mbele. Babu yenu akakokota kabati la nguo, akaliegemeza mlangoni, akaliegemea na yeye. Mlango unapumua, unaingia unatoka. Ndipo wakasikia kiganja cha mtu kinapiga mbao.

"Usithubutu," akasema babu yenu. "Nikitoa kabati hili mlango unakuja ndani na paa linakwenda."

"Ni mwenzangu huyo."

"Mwenzako tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Sogeza!"

"Na watoto je?"

"Watoto wako chini ya zege. Sogeza, baba watoto, au nakupanda wewe na kabati lako!"

Wakabishana, na kile kiganja kinapiga, kinapungua, kinapiga. Mwisho akasogeza. Komeo likatoka tu, mlango ukaja wote, ukamrusha, kabati likamwangukia mguuni. Mke wa fundi viatu akaingia anatambaa, mama yake mgongoni. Na upepo ulioingia haukupata pa kutokea, ukaliinua paa upande mmoja kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Hivyo hivyo alivyosema mama mkwe, na hakucheka. Paa likaenda. Hao waliokuwa hawasalimiani wakamkokota babu yenu, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, mpaka bafuni. Yule mama mzee lilimpiga bati wakati mlango unabishaniwa. Jua lilipozama, naye alikuwa ameshakwenda.

Babu yenu mguu uliunga ukiwa umepinda. Siku aliyoweza kusimama, kazi yake ya kwanza ilikuwa mlango huu. Akang'oa bawaba, akageuza fremu, akaufanya ufunguke kwa nje, ili upepo wa mbele ukiusukuma uubane kwenye fremu badala ya kuutupa ndani. Mtaa ukacheka. Wakasema, hii sasa ni nyumba ya kumsukuma mgeni. Akawajibu, "Mgeni nitamfuata kwake kabla hajagonga."

Basi, wanangu, mlango ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni miguu yenu. Kimbunga kikishaanza, mlango huu haufunguliwi kwa mtu, hata awe nani, hata alie vipi, kwa hiyo mtu anaitwa mapema. Nipe maji. Kidogo tu.

Sasa niambie wewe, baba, ng'ambo ya uzio wetu leo yuko nani? Usiangalie dari, sijamlaza huko. Yuko mama mshona nguo na watoto wake, na mabati yake chakavu yaliyoshikiliwa kwa matofali na tairi. Unamkasirikia kwa sababu alikuita mwizi wa njia mbele za watu ulipojenga ukuta. Na njia umeila, mwanangu. Kichochoro kile nilikuwa napita na ndoo kichwani, leo hata mbuzi anapita ubavu. Ukuta huo mtauvunja, uandikwe kwenye wosia wangu kama kuna anayeandika. Lakini hilo la kesho. La leo ni hili: nenda kamwite.

Unasema nini? Akiona hatari atakuja mwenyewe? Mlango anaujua? Hebu rudia, nisikie vizuri. Si ndiyo maneno ya uani yale, ya wale waokota vijiti? Unasema atakutukana. Akutukane! Aje anakutukana njia nzima, mradi anakuja. Mdomo wake una kasi kuliko cherehani yake, usiku huu tutamhitaji.

Binti yangu, usiende wewe. Nimesema aende yeye.

Na mimi simbariki mtu humu ndani. Sisemi neno jingine. Nafumba macho, msinitikise, sijafa, nangoja.

Ameondoka? Nilisikia bawaba. Chungulia kwenye ule upenyo wa mbao, uniambie. Upepo huo, au masikio yangu? Umeanza. Redio ilisema usiku, nao haujangoja. Unamwona? Amesimama getini kwa mshonaji? Amesimama tu? Ee Mungu wangu, mtoto huyu ana shingo ya baba yake. Piga kelele, mwambie agonge! Hakusikii. Hiyo ni nini iliyoanguka? Bati. La nani? Niambie ni la nani! Usinyamaze, mama, ukinyamaza mimi nafikiri.

Amegonga. Haya. Amefunguliwa? Wanafanya nini? Wanagombana. Wanagombana saa hizi! Anarudi ndani... nani anarudi ndani, yeye au mshonaji? Mshonaji amerudi ndani. Basi. Basi, tumekwisha.

Eh? Amebeba nini?

Haya, nenda mlangoni, ushike kwa mikono miwili, ukiuachia upepo utakupokonya. Upepo bado mchanga, tunafungua mara hii tu, na usifungue mpaka wafike hapo kizingitini. Sasa. Sasa!

Ingieni, ingieni, vuta huo mlango, vuteni wote, wekeni komeo la juu na la chini. Hesabuni watoto. Marahaba, mshonaji, marahaba, mwanangu, usipige magoti umelowa. Na huyu je, mwanangu kabeba cherehani kichwani! Ndiyo uliyokuwa unamtukania, asiiangushe? Endelea kumtukana, mama, ni haki yako, ila taratibu, nimebakiwa na maneno machache na mimi nayataka yapite.

Sikilizeni. Sirudii. Watoto wote bafuni, chini ya zege, na magodoro. Patakaponyamaza, msidanganyike. Jua la usiku halipo, lakini kimya kitakuja, kitamu, mtatamani kutoka mkaangalie gari, mkaangalie paa. Hakuna kutoka. Komeo hilo asiliguse mtu mpaka upepo wa pili upite.

Na roho yangu ikikatika upepo ungali unavuma, msinitoe popote. Nifunikeni, mfunge mlango wa chumba hiki, mwende bafuni kwa walio hai. Msilie kwa sauti, mtawashtua watoto. Kulia kupo, mtalia asubuhi.

Kichwa chako hapa, baba. Umelowa... Mungu akupe miguu myepesi siku zote kama leo, hata ukisukumwa ndiyo uende. Binti yangu, Mungu akupe pa kukaa pasipo maneno ya watu. Na wewe mshonaji, sogea, nilikuwa sijakuweka kwenye wosia, nakuweka sasa. Mungu akushikie watoto wako. Mkono wako una joto... uache hapo hapo.

Watoto. Nawasikia hapo bafuni, ukuta wetu ni huu huu mmoja. Najua bado kuna mwanga kwenye nyufa za mbao. Laleni tu, laleni sasa, kabla ya makelele. Sogeeni, mpeane nafasi, wetu na wa jirani. Nani huyo anacheka? Lala, mjukuu wangu.

Laleni.