Georges Mukendi na Mashine Iliyowahi Kumaliza

Wasikilizaji wapendwa wa Likasi, acheni sufuria kidogo, tusikilizane. Ni Carmen anayesema nanyi hapa redioni. Leo tunamkumbuka Georges Mukendi. Georges Mukendi, mpima ardhi wa Shituru, amefariki Mwene-Ditu, kule Kasai. Amefariki Mwene-Ditu, lakini mtu huyu alikuwa wa hapa.

Alizaliwa Shituru. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya shaba. Georges akasoma, akawa géomètre, yaani mpima ardhi. Wengi mnamkumbuka: viatu vinang'aa katikati ya vumbi, kichwa juu, maringo kidogo. Ukimwuliza njia ya sokoni, alikujibu kwa mita.

Enzi hizo walipima kwa mnyororo. Wanaume wanavuta mnyororo wa chuma, mmoja anapaza sauti "Bon!", mwenzake anajibu "Bon!", na majirani wanatoka kuona mpaka unapita wapi. Mtaa mmoja ulikula msimu mzima. Wanaume wale walitaka kula, walitaka na pombe, na mwenye kiwanja ndiye aliyegharimia. Ilikuwa ghali, ilikuwa polepole.

Halafu ukaja mwaka wa 1992. Mnaujua mwaka ule. Mishahara ilipotea, na majirani zetu wenye asili ya Kasai wakaanza kufukuzwa. Stesheni ikajaa watu na magodoro, wanangoja treni isiyokuja. Inaniuma hata kuisema.

Katikati ya hayo, bwana mmoja aliyesema ametoka Lubumbashi akamletea Georges mashine mpya. Ilituma mwanga, mwanga ukagonga kioo kilichoshikwa kwenye kona ya kiwanja, ukarudi na kipimo. Mtu mmoja kwenye mashine, mtu mmoja kwenye kioo, basi. Hakuna mnyororo, hakuna kulisha watu. Bwana yule akamtaka apime nyumba zote za avenue yao, yaani barabara ya mtaa wao. Na akamwahidi: mpaka kazi iishe, hakuna atakayeigusa familia yako.

Mmesikia, wasikilizaji? Mpaka kazi iishe.

Avenue nzima ilifurahi. Watu walidhani wanapimiwa ili wauziwe nyumba za kampuni ya shaba walizokaa miaka yote. Walifyeka majani, wakatoa viti nje, wakagombania kushika kioo. Hakuna aliyeuliza nani ametuma kupima. Jirani yake, Baba Osée, alimtania tu kwamba haraka haraka haina baraka, na Georges akacheka.

Mke wake, Mama Hélène, hakucheka. Aliona kwamba nyumba ikishapimwa, watu wasiojulikana wanakuja kuizunguka na kuchungulia madirishani, kama wanaochagua pa kuhamia. Mama Hélène alirudi juzi kwa treni, baada ya kumzika mumewe, akanieleza mwenyewe:

"Nilimwambia, Baba Georges, upime polepole. Kazi ikiisha, na siye batatufukuza. Akanijibu: Mama, hii mashini haijuake polepole."

Alijaribu. Asubuhi alikawia makusudi kwenye chai. Alidai betri imekufa, lakini wiki ile umeme wa bwawa la Koni haukukatika hata mara moja, ingawa sisi tulizoea giza. Bwana yule alikaa karibu naye, akitazama. Na Georges alipenda kazi yake mno. Akiweka jicho kwenye mashine, alisahau kuogopa. Kazi ya msimu mzima ikaisha kabla ya Jumapili.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yake. Siku hiyo majirani hawakutaka tena kushika kioo, maana nao walishaelewa.

"Minye njo nilikamata kioo," anasema Mama Hélène, yaani yeye mwenyewe. "Kwa kona ya nyumba yetu. Bwana yangu akaniambia, Mama, usitingishike. Sikutingishika. Ningetingishika, labda tungelala mule siku ingine moja."

Jumatatu walikuwa stesheni. Georges Mukendi alibeba godoro. Mashine ilibaki na bwana yule. Kule Mwene-Ditu aliuza chumvi na mafuta ya taa, na hakupima tena hata kibanda cha kuku.

Mama Hélène, poleni sana, wewe na watoto. Nasi tulioona tukakaa na viti vyetu nje, tulifikirie jambo hili. Kupima haraka na kwa bei ndogo ni kitu kizuri, sibishi. Ila mtu akija na mashine kwenye mtaa wenu, muulizeni kwanza nani amemtuma. Muulizeni mapema, kwa sababu wiki hii nimeambiwa kioo kimeonekana tena, upande wa reli.

Matanga yapo Shituru, kwa Baba Osée. Narudia: kwa Baba Osée. Tafadhali muingie kwa mlango wake, si ule wa jirani. Wanaokaa sasa katika nyumba ya Georges wametuma neno. Wanaomba tulie kwa sauti ndogo, kwa sababu ukuta kati ya nyumba hizo mbili ni mwembamba.