Bunduki ya Verlin

Kila wapandapo basi la kwenda mjini Salina, Verlin humwacha mkewe Arlene akae nyuma na pai yake ya tufaha, naye akaenda mbele kutafuta mtu ambaye hajazisikia habari za bunduki yake. Safari hii alimpata Brody, kijana aliyekuwa anakwenda kununua bunduki ya marisau, moja tu, ya kulengea visahani vya udongo vinavyorushwa hewani na kuwindia kwale.

"Chukua ya kukoki kwa mkono, vuta nyuma, sukuma mbele," Verlin akaamuru. "Haikwami hata kwenye matope."

"Lakini mzee, ile inayojikoki yenyewe inapiga haraka."

"Inakosa haraka, sema hivyo! Mimi mkono wangu hukoki hata usingizini."

Kule nyuma Arlene akapapasa mbavu zake. Hilo lilikuwa kweli tupu.

Ghafla dereva akafunga breki. Kundi la kwale lilikuwa linakatiza barabara kwa miguu. Verlin akasimama na mikono mitupu, akalenga dirishani, mkono wa kushoto ukavuta nyuma, ukasukuma mbele, mara mbili.

"Umepata wangapi, mzee?"

"Wawili!"

Kwale wa mwisho akamaliza kuvuka bila haraka.

"Haya," akasema Arlene, "leo tena tunakula kuku."