Mabenchi Matupu ya Saa Tisa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, mgeni wetu rasmi; Ndugu Mkurugenzi; wakuu wa vitengo mliopewa viti vyenye mito; ndugu wageni waalikwa; wafanyakazi wenzangu wa madirishani, mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeisha; na wewe Shangazi, mwenye sherehe, ambaye tangu nimeinuka unanikazia macho ili niseme mawili matatu mazuri nikakae: hamjambo?

Mimi kwa afya sijambo. Kwa moyo nina hasira, na ninawaambia mapema asije mtu akadhani ni kipaza sauti kinachokwaruza.

Ratiba inasema mimi, karani wa dirisha la tatu, nitoe neno la shukrani kwa niaba ya wafanyakazi, na kwamba nikishakaa, Mheshimiwa atainuka amkabidhi Shangazi zawadi ya kumuaga. Zawadi yenyewe ile pale mezani, imefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Ni saa ya ukutani. Hatukuambiwa na mtu, tunaisikia ikienda tik, tik tangu tulipoketi. Hebu niwaulize jambo: mtu umemnyang'anya muda wake wote, halafu unampa saa? Jamani!

Wageni waalikwa, huenda hamjawahi kukaa upande wetu wa kioo. Hapa ndipo wazazi wanapofuata vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao, na enzi zile walikuwa wakijipanga mpaka nje getini, kina mama wakipokezana watoto mapajani ili mmoja akanyooshe mgongo. Sisi huku ndani kompyuta tulikuwa nazo, tena nzuri. Lakini kazi ilikuwa kipanya huku, kipanya kule: fungua menyu, shuka, saka neno “nakili”, bofya, rudi, fungua menyu tena, saka “bandika”. Jina la baba tu, safari nzima! Mimi mnaniita Kuku mpaka leo kwa jinsi nilivyokuwa nikiidonoa kibodi kwa kidole kimoja, na sikatai, jina limenikaa.

Ndipo akaletwa huyu tunayemwita Shangazi, dirisha la nne. Hakuitisha semina, hakuomba bajeti, hakudai posho. Saa ya chai alikuwa anakuja nyuma ya kiti chako, anakifunika kipanya chako kwa kifuniko cha bakuli la sukari, anasema, “Kipanya kimelala. Haya, mwanangu, fanya kazi.” Na chai hunywi mpaka vidole vimetii. Kontroli na C, umenakili. Kontroli na V, umebandika. Kontroli na F, jina la mtoto linajitokeza lenyewe badala ya wewe kulitafuta ukurasa kwa ukurasa. Tab inakupeleka kisanduku kinachofuata, Shift na Tab inakurudisha ulikotoka. Na kipanya kilipoamshwa, nacho alikitia adabu: bofya mara mbili umeshika neno, mara tatu umeshika aya nzima, bana Kontroli uzungushe gurudumu na maandishi yanakua mpaka mzee wetu wa masjala anayasoma bila miwani.

“Shangazi, nitayakumbuka vipi yote haya?” nilimlalamikia.

“Mbona wachezaji wote wa timu yako unawakumbuka?” akanijibu. “Tena mpaka wa akiba!”

Ndugu Mkurugenzi, naona unacheka. Cheka, tutafika kwako.

Siku moja alikuja baba mmoja tunakaribia kufunga, kambeba binti yake mgongoni. Mtoto alikuwa anasafirishwa kesho yake kwenda kupasuliwa moyo, na bila cheti hasafiri. Nikajaza fomu yote, kila kisanduku, kisha sijui nikagusa nini, fomu ikawa nyeupe. Yule baba aliona uso wangu kupitia kwenye kioo, akauliza, “Vipi, kaka? Kuna shida?” Nikaanza kubofya huku na kule. Shangazi akaegemea kutoka dirisha lake, akasema taratibu, “Kuku, ondoa mikono. Usiguse kitu.” Akabonyeza Kontroli na Z, na kila kitu kikarudi. “Sasa Kontroli na S, uhifadhi, kabla hujatuua kwa presha.” Yule baba aliondoka na cheti mkononi huku analia. Huyo ndiye mtu ambaye leo karatasi ya Mkurugenzi ya kupunguza watu inamwita mfanyakazi wa ziada.

Maana muda ulianza kubaki, ndugu zangu. Ikifika saa tisa alasiri mabenchi yalikuwa matupu, wazazi wameshafika makwao wanapika. Je, tulikuwa tunalala? Hapana! Shangazi alikuwa anatugawia simu, tunawapigia wazazi ambao vyeti vyao vilikosewa miaka ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, waje turekebishe kabla mtoto hajakwama shuleni. Hakuna aliyetutuma. Ulikuwa muda wetu, tuliuokoa kwa vidole vyetu, na tuliamua kuwarudishia wao.

Ndipo alasiri moja Ndugu Mkurugenzi akapita, mikono mgongoni, akatazama ukumbi.

“Watu wako wapi?”

“Tumewamaliza, bosi,” Shangazi akasema, kwa fahari, masikini, akidhani atapongezwa.

“Kama mnamaliza saa tisa, basi mko wengi mno.”

Basi! Hakuuliza mmemalizaje. Hakuuliza nani kawafundisha. Aliona mabenchi hayana watu akadhani kazi haipo. Zimamoto wameuzima moto, unafika unakuta hakuna moto, unauliza hawa zimamoto wa nini? Na ajabu ni kwamba taarifa iliyokwenda kwenye Bodi ilisema foleni imekwisha kwa sababu ya uongozi makini. Uongozi gani? Ndugu Mkurugenzi, wewe mpaka leo unamwita katibu muhtasi wako akunakilie barua! Usininyooshee kidole, tulikuwepo, tumeona.

Wa kwanza kupunguzwa ni Shangazi, kwa kisingizio cha umri, ingawa wa kustaafu hajaufikia. Na hapa nisamehe, Shangazi, uliniomba nisilitaje hili. Mama yake mzazi anasafishwa damu hospitali kila wiki, figo zimechoka, na anatibiwa kwa kadi ya ofisi hii. Siku Shangazi anapotoka, kadi inakufa. Sasa keki hii mnayoila mnaiona ni ya nini?

Tulikutana chumba cha chai, sisi wa madirishani, na tuliwaka. Tukasema kuanzia Jumatatu hakuna Kontroli, hakuna Tab, ni kipanya na menyu tu kama zamani. Foleni irudi getini, mabenchi yajae, Mkurugenzi afurahi kwamba kazi ipo. Wote tuliinua mikono isipokuwa mmoja, naye ndiye huyu tunayemuaga. Alituangalia kama watoto waliovunja vyombo. “Wale kina mama wamewakosea nini?” akauliza. “Mnataka kunipigania mimi kwa migongo yao?” Tukaishusha mikono. Nilikwenda chooni nikalia kwa hasira, na sioni aibu kusema.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, hatugomi. Jumatatu tutafanya kazi vilevile upesi, kwa sababu ametukataza kufanya vingine. Kilichobaki ni wewe. Barua ya kumstaafisha haijatiwa sahihi yako. Sote tunajua iko mezani kwako. Mkurugenzi ametanguliza sherehe, kwa hesabu kwamba ukishapigwa picha unamkabidhi zawadi, kalamu itafuata yenyewe. Tunakuomba njoo saa tisa siku yoyote, uyaangalie mabenchi yale matupu, kisha utuambie kama unaona uvivu au unaona mikono ya mtu.

Namshukuru Mungu kwa kunipa koo. Nawashukuru wenzangu wa nyuma kwa kusimama, na Shangazi kwa kila kidole changu kinachojua kazi. Ndugu Mkurugenzi, nawe nakushukuru kwa kuniweka kwenye ratiba, najua hutarudia.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa mimi naketi, na ratiba inasema nikiketi Mheshimiwa anainuka kwenda pale mezani. Mheshimiwa, sote tunakutazama. Tafadhali, usiinuke.