Mwalimu Idarus na Maswali Yasiyoulizwa Getini

Ijumaa tarehe 31 Oktoba, Mwalimu Idarus Abdulrauf, naibu wa mwalimu mkuu wetu hapa Shule ya Kutwa ya Msandali, Muthangari, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha. Mimi Shiku, karani wa shule, nimeombwa niandike wasifu wake katika jarida letu. Nimeolewa juzi tu mwezi wa Agosti, kwa hivyo mtanisamehe nikiandika kwa moyo uliofurika. Siku hizi hata kengele ya saa nne naisikia kama wimbo.

Mwalimu alizaliwa katikati ya jiji, ghorofani juu ya duka la vitambaa la babake, Mtaa wa Biashara. Wazee wake walitoka Mombasa, na dukani humo walishika desturi moja: mteja haulizwi haja yake akiwa mlangoni. Anakaribishwa, anapewa kiti, anapumua, ndipo aulizwe anatafuta nini. Idarus mdogo ndiye aliyekuwa akisogeza viti. Baadaye alisomea ualimu, akafundisha Machakos na Thika, kisha akaletwa kwetu kufundisha Kiswahili na Historia.

Wanafunzi wanampenda kwa mambo mengi. Projekta haijawahi kumtii hata siku moja, lakini ikizimika yeye husimulia vita vya Majimaji kwa mikono na mabega mpaka Kidato cha Pili waape kwamba waliviona. Katika mechi ya walimu na wanafunzi hucheza na makubazi, na kubazi likiruka kuliko mpira hudai kuwa hilo nalo ni bao. Mkewe, Bi Nisreen, humletea visheti vya kutosha chumba kizima cha walimu. Siku ya harusi yangu Mwalimu aliniambia, “Shiku, Kibe akirudi nyumbani amekunja uso, usimwulize kitu mlangoni. Mpe maji kwanza.” Nimefanya hivyo. Jamani, maji yanafanya kazi!

Lakini Mwalimu hakuanza kazi akiyajua haya. Yeye mwenyewe hutusimulia kwamba alipokuwa kijana huko Machakos alimwita msichana mmoja mbele ya gwaride, akamkabidhi viatu vipya, na shule nzima ikapiga makofi. Msichana aliinama akavipokea. Hakurudi tena katika shule ile. “Nilimpa viatu,” husema, “nikamvua nguo.” Tangu hapo hakuwahi kumsaidia mtoto mbele ya macho ya watu, wala kumhoji getini.

Hapa kwetu sheria ilikuwa ngumu. Geti lilifungwa saa moja kasorobo, na aliyechelewa mara tatu alirudishwa nyumbani mpaka aje na mzazi. Mwaka jana sheria hiyo ilimfikia Kasiva, aliyekuwa Kidato cha Tatu. Alichelewa karibu kila siku, akasinzia darasani, na alipoulizwa alitazama chini. Kamati ya nidhamu ilikuwa tayari kumfukuza kabisa.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba nilimwomba Kasiva ruhusa, na babake pia. Kasiva alicheka. “Andika tu, madam. Lakini sema Nzula ndiye alishinda kesi.”

Asubuhi moja Mwalimu Idarus alimkuta Kasiva nje ya geti. Akamwingiza ndani, akampa kiti na kikombe cha chai, wakazungumza habari za mvua. Chai ilipokwisha, Kasiva akasema maneno mawili tu: “Mzazi hayuko.” Mwalimu hakumchimba. Alimwambia, “Basi kesho mlete yeyote anayekuona ukiamka.”

Kesho yake mimi nilikuwa nikiandika kumbukumbu za kamati. Mlango ukafunguliwa, Kasiva akaingia akiwa amemshika mkono mtoto wa miaka mitano. Mwalimu Jamleck wa Hisabati, mwenyekiti wa kamati, akanyoosha shingo amtazame mtu mzima nyuma yao. Hakukuwa na mtu.

“Mzazi yuko wapi?”

“Niliambiwa nimlete anayeniona nikiamka,” Kasiva akajibu. “Ni huyu.”

Mtoto akapanda kitini, miguu ikining’inia. Mwalimu Jamleck akakohoa. “Unaitwa nani?”

“Nzula. Na wewe?”

Tuliinamisha vichwa tusionekane tukicheka. Mwalimu Jamleck, ambaye Kidato cha Nne kizima kinamwogopa, akajibu kwa adabu, “Jamleck.”

“Nani anakupikia uji, Nzula?” akauliza Mwalimu Idarus.

“Kasi.”

“Nani anakuosha?”

“Kasi. Na maji baridi!”

“Nani anakupeleka shule?”

“Kasi. Tunangoja Teacha Wahu afungue geti, halafu Kasi anakimbia. Anakimbia mbio sana mpaka viatu inatoka.”

Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu Jamleck alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Ndipo Kasiva akasema yote. Mama yao alikuwa amekwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Baba hutoka gizani kwenda kazi ya mjengo. Nasari ya Nzula ilifunguliwa saa moja, wakati geti letu limeshafungwa. Naye baba alikuwa amewaonya wasimwambie mtu, kwa hofu kwamba watoto watachukuliwa. Sisi tulikuwa tukimtuma msichana huyu kila wiki kuleta mtu ambaye hakuwepo.

Jioni hiyo Mwalimu alikwenda Kawangware, wanakoishi kina Kasiva, kumwona Bi Wahu, mwenye nasari. “Si mngeniambia tu!” Bi Wahu akashangaa. “Mimi hulala humu humu. Saa kumi na mbili niko macho, amlete tu.” Kisha Mwalimu alimfuata babake Kasiva mjengoni Hurlingham saa ya chakula, wakala githeri wote wawili juu ya mbao, na baba akajua kwamba hakuna mtu wa kumnyang’anya watoto. Kasiva akapewa saa ya michezo akae maktaba amalize kazi ambayo usiku humshinda. Mwalimu mkuu, Bi Hannah, akafuta sheria ya kurudisha watoto nyumbani. Sasa anayechelewa huingizwa kwanza, huketishwa, na mwalimu wa darasa humsikiliza faraghani.

Mimi sikusoma chuo kikuu, lakini nimekaa katika ofisi hii na kuona. Tangu hapo watoto wetu wanasema. Mmoja hana taa nyumbani, mwingine analala kwa jirani kwa sababu nyumbani kuna ugomvi. Hatuwezi yote, na yanayotushinda tunawapelekea wanaoweza. Lakini mtoto hayabebi tena peke yake.

Mwezi huu Kasiva, sasa Kidato cha Nne, alikuja chumba cha walimu na uso uliokwisha rangi. Shule zinafungwa, na nasari ya Bi Wahu pia, maana yeye anakwenda kwao. Mtihani wa taifa wa Kasiva unaanza Jumatatu, siku tatu baada ya Mwalimu kuondoka, na mtoto mdogo haruhusiwi kuingia shuleni wakati wa mtihani.

“Sasa Mwalimu unaenda,” akasema, “mimi na Nzula unatuachia nani?”

Mwalimu Idarus akatutazama mmoja mmoja kuzunguka meza, bila haraka.

Nikajikuta nimesimama. Kibe wangu ana duka la vitabu Hurlingham, na mama mkwe wangu hushinda humo akishona. Nilimpigia hapo hapo. “Mlete,” Kibe akasema kabla sijamaliza. “Mama atafurahi kupata mtu wa kugombana naye.” Nilimpenda upya, mbele ya wenzangu wote!

“Lakini asubuhi atapelekwa na nani?” Bi Hannah akauliza. “Kasiva lazima awe hapa mapema.”

Mwalimu Jamleck hakuinua macho kutoka kwenye vitabu alivyokuwa akisahihisha. “Nitampitia mimi. Nipite Kawangware kila siku nishindwe kubeba mtoto? Kwanza huyo Nzula ananijua kwa jina.”

Kasiva akafunika uso kwa mikono yake. Mwalimu Idarus akainuka, akachukua kofia yake, akaenda darasani kufundisha kipindi chake cha mwisho na Kidato cha Pili.

Mwalimu wetu, asante. Shule yote ya Msandali inakuombea wewe na Bi Nisreen afya, utulivu na asubuhi ndefu zisizo na kengele. Nenda ukapumzike, umestahili. Jumatatu Kasiva atakuwa ameketi penye dawati lake kabla karatasi hazijagawiwa.