Marehemu Lemuel Whitlow na Paa Lake la Chini

Marehemu Lemuel Whitlow alizaliwa tarehe 11 Machi 1946 huko Marion, Alabama, mtoto wa tatu wa Mzee Ezra na Bi. Philomena Whitlow. Mwaka 1953 familia ilihamia hapa Lima, Ohio, kufuata kazi za viwandani, na baridi ikawapokea kabla ya mtu yeyote.

Alimaliza sekondari hapa hapa mwaka 1964, kisha akaenda Columbus kujifunza uchoraji wa mitambo. Mwaka wa pili aliacha. Alisema wanamfundisha kuchora vitu visivyomliza mtu.

Mwaka 1968 aliajiriwa na kiwanda cha Ridenour, kinachokata magari ya kifahari katikati, kuyarefusha, na kuyafanya ya kubebea maiti. Enzi hizo gari la maiti lilikuwa kabati lenye magurudumu, na marehemu aliona hiyo ni fedheha. Aliteremsha paa inchi nne, akalilaza taratibu kuelekea nyuma, akaubana mlango wa nyuma kwa juu kama kiuno, mstari mmoja ukatembea kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma bila kukatika. Vile vyuma vya pembeni, vinavyoiga bawaba za magari ya farasi na havijawahi kufungua kitu, alivibakiza. Alisema hata mchungaji huvaa tai. Wenye nyumba za mazishi waliligombea gari hilo. Wapo walioliona likipita wakatamani zamu yao.

Tarehe 5 Juni 1971 alimwoa Odessa Pruitt, kiongozi wa kwaya ya kanisa hili, mwanamke mnene, mwenye sauti nene na mkono usiobania siagi. Mara ya kwanza kwenda kumchukua, marehemu alikwenda na gari la maiti la majaribio. Vernell, mdogo wake Odessa, alichungulia dirishani akasema, "Dada, huyu kaja kukuzika kabla hajakuoa." Walijaliwa watoto wawili, Rosalind na Thaddeus.

Odessa alifariki Novemba 2009. Marehemu alimchagulia mwenyewe jeneza pana la heshima, na gari alilolichora yeye. Rosalind alimwuliza, "Baba, litaingia?"

"Mwanangu, unamwuliza nani?"

Halikuingia. Bega la jeneza liligota pale penye kiuno. Wabebaji walitaka kuliinamisha upande, Vernell akawazuia, akisema dada yake si kochi. Mchungaji, aliyekuwa ameandaa somo la mlango mwembamba, akafunua Zaburi haraka haraka. Mwishowe Odessa alipakiwa kwenye gari la muuza maua. Dereva wa gari la maiti, kwa kukosa la kufanya, akatangulia mbele ya msafara, taa zinawaka, gari tupu, linang'aa.

Kaburini Vernell alisema mbele yetu sote, "Gari lako zuri sana, shemeji. Umesahau tu kuweka nafasi ya mtu." Hakumsemesha tena kwa miaka kumi na minne. Kila sikukuu ya Shukrani alimwachia pai ya viazi vitamu mlangoni, bila kubisha.

Marehemu aliwataka wakubwa wa Ridenour wapandishe paa na kupanua mlango. Wakamwambia wateja wanapenda kiuno. Aligombana nao mpaka wakamstaafisha mwaka 2011. Aliendelea kuchora mezani jikoni, kila mchoro mbaya kuliko wa jana, hadi fundi mmoja wa Indiana akakubali kuunda gari moja. Marehemu mwenyewe aliliita jokofu.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akakonda mpaka pete ya ndoa ikamvuka kidoleni. Januari mwaka huu, Vernell aliingia wodini, akakaa bila kuvua koti.

"Hilo jokofu lako," alisema, "dada angeingia?"

"Angeingia. Na kofia yake ya Pasaka."

"Umechelewa, Lemuel."

Akamfunika miguu, akaondoka. Marehemu alifariki tarehe 6 Februari 2024, wanawe wakiwa kando yake.

Leo ameletwa na gari hilo la Indiana. Kwa wembamba aliokuwa nao, limebaki pengo kubwa ubavuni mwake, na kila aliyesimama nje ameliona.

Ameacha watoto wawili, Rosalind na Thaddeus, wajukuu watano, dada mmoja, Bi. Eulalia wa Alabama. Na shemeji yake, Vernell Pruitt. Tulikuwa tumeandika "shemeji yake mpendwa." Vernell aliusoma wasifu huu kabla haujachapwa, akasema jina lake libaki, hilo neno litoke. Tumelitoa.

Bwana ampe pumziko ambalo tangu Novemba ile hakulipata.