Mama Subiri Anatuachia Amina

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mratibu wa ibada za pamoja katika ofisi yetu ya ushirikiano wa makanisa anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Jina lake kamili analijua karani wa mishahara. Sisi wengine, kuanzia maaskofu mpaka mlinzi wa getini, tunamwita Mama Subiri. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa kuwa tuliajiriwa siku moja, tukapewa meza zinazotazamana, na jarida hili nalihariri mimi. Aliyeniomba hakuniuliza kama namwonea wivu. Angeuliza, ningemjibu kwamba namwonea, tena sana, na sijaanza leo.

Kinachonikosesha usingizi ni kwamba kazi yake nimepewa mimi. Kuanzia mwezi ujao nitasimama pale alipokuwa akisimama yeye, mbele ya watu waliomzoea yeye.

Tuanze na jina lake. Makanisa yetu yalitofautiana katika mengi, lakini tofauti iliyosikika kwa masikio ilikuwa katika Baba Yetu. Wapo wanaosali "ufalme wako uje", na wapo wanaosali "ufalme wako ufike". Ofisini tukawaita hivyo hivyo, watu wa Uje na watu wa Ufike. Watu wa Ufike humaliza mapema. Watu wa Uje wana maneno yao ya mwisho, ya ufalme na nguvu na utukufu, na hawayaachi hata mvua ikinyesha. Katika ibada yetu ya kwanza ya pamoja, watu wa Ufike walisema Amina wakaketi. Mabenchi yakalia ukumbi mzima, na wenzao wako wima bado wanamtukuza Mungu. Mchungaji mmoja wa Uje alisema hiyo ni dharau ya mchana kweupe, akachukua kofia yake akaondoka kabla ya chai. Na ile chai ndiyo iliyokuwa na kazi, kwa sababu viongozi walikuwa wakubaliane juu ya zahanati ya pamoja. Zahanati ikalala.

Ikaundwa kamati ya kutafuta sala moja, nami nikawa katibu. Tulibishana mpaka sauti zikakauka, na mwisho, ili asishinde mtu, tukaandika "ufalme wako uwasili". Nililipenda neno lile, na bado nalipenda. Siku ya kulitumia, mzee mmoja wa kwaya aliuliza kwa sauti unawasili stendi gani. Watu wakacheka mpaka sala ikakatika njiani. Dereva wetu mpaka leo, nikirudi kutoka safari, hunipokea kwa kuniuliza kama nimekuja, nimefika, au nimewasili.

Ibada iliyofuata alikabidhiwa mwenzangu huyu wa meza ya mbele yangu. Hakuunda kamati. Alishika kipaza sauti akasema, "Kila mtu asali kama alivyofundishwa na mama yake. Ukimaliza, subiri mwenzako, tena usimame. Amina tutaitoa pamoja." Akainua mkono. Watu wa Ufike wakamaliza, wakanyamaza, wakasimama wakiwasikiliza wenzao mpaka neno la mwisho. Mkono ukashuka, na Amina ikatoka moja. Yule mchungaji wa kofia alikunywa vikombe viwili. Zahanati ilifunguliwa, na wajukuu wangu wote wamezaliwa humo.

Tulisoma chuo kimoja, na alama zangu zilizidi zake. Nayasema haya kwa sababu ndicho kitu pekee nilichowahi kumzidi. Maneno yale matatu ya kawaida, subiri mwenzako usimame, yangeweza kunijia mimi. Nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka kwake. Chanda chema huvikwa pete. Mimi nikabaki kutazama vyangu kumi.

Upepo ulipong'oa paa la kanisa moja la Uje, ni yeye aliyewaombea nafasi kwa majirani zao wa Ufike, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakisalimiana nao kwa kukohoa tu juu ya ukuta. Wageni wakakaribishwa, na baada ya wiki chache wenyeji wenyewe wakatoboa mlango kwenye ukuta ule ili akina mama wasizunguke na watoto mgongoni. Paa lilikwisha kuezekwa, mlango haujazibwa. Watunza makanisa wote wamempa funguo zao. Mimi, mhariri wa jarida la umoja, hubisha hodi kama muuza sabuni.

Lakini wivu wangu mkubwa ni wa nyumbani kwetu. Baba yangu alikuwa mtu wa Ufike, mama yangu ni mtu wa Uje. Baba alipofariki, shangazi zangu walisema kaka yao atazikwa na kanisa lake, na wa kanisa jingine wabaki nje ya uzio. Wajomba wakasema dada yao hawezi kufanywa mpita njia kwenye maziko ya mumewe. Mama hakubishana na mtu. Alikuwa akiuliza tu kama ataruhusiwa kumwombea. Nilijaribu kuzungumza na shangazi mkubwa. Akaniambia makala zangu niwasomee wanaozinunua. Ndipo akaingia Mama Subiri, akapita moja kwa moja jikoni, akachukua kisu, akakaa kumenya viazi karibu na shangazi huyo huyo. Walichozungumza sikijui mpaka leo, na nimeuliza sana.

Kesho yake padri aliongoza maziko, na mchungaji wa mama akasimama kando yake. Ilipofika Baba Yetu, watu wa Ufike walikuwa wengi, wakamaliza kwa kishindo, kisha wakanyamaza. Mama yangu akaendelea na maneno yake ya mwisho, polepole, sauti ikimkatika, na shangazi zangu wote wakasimama kimya wakimsubiri. Baada ya Amina, mtu wa kwanza kukumbatiwa na mama hakuwa mimi. Roho iliniuma hata siku ile, pale pale kaburini.

Jumapili iliyopita nilifanyishwa mazoezi. Nilishika kipaza sauti, nikasema yale maneno, nikainua mkono. Pande zote mbili zilipomaliza nikaushusha, na Amina haikutoka. Nikautazama mkono wangu, kisha nikawatazama watu. Wote walikuwa wamegeukia benchi la mbele, ambako Mama Subiri alikuwa bado anasali, macho kayafumba, midomo inacheza. Aliposema Amina, kanisa zima likasema.

Baraza lilimwomba aongeze miaka miwili. Aliyekataa ni mumewe, fundi seremala, mtu mpole aliyekuja ofisini na nguo zake za kazi zikiwa na vumbi la mbao. Alisema amekuwa akiwasubiri watu wa Uje na watu wa Ufike kwa miaka thelathini na moja wamalizane na mke wake, na sasa ni zamu yake. Sasa namwonea wivu na yeye.

Kwa niaba ya wafanyakazi wenzake, makanisa yote, wagonjwa wa zahanati, na mama yangu mzazi aliyesisitiza atajwe, tunasema asante. Nyumba yako iwe na amani, afya yako isitetereke, na siku njema zikukute umeketi na mzee wako. Na nikuombe kitu, mwenzangu, kwa kuwa jarida ni langu na hakuna wa kunikata. Kwenye ibada za pamoja usije. Ukija, watakutazama wewe. Lakini kama utakuja, kaa benchi la mbele, nijue wakati wa kushusha mkono.