Wasifu wa Marehemu Januarius Ndaki, Aliyeombewa na Mwenye Ng'ombe

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani mliofika hapa Dutwa kutusindikizia mpendwa wetu, poleni kwa msiba. Wasifu huu unasomwa na Elina, dada yake marehemu. Yamo mambo ambayo kwa kawaida familia huyafunika siku kama ya leo. Marehemu mwenyewe alipokuwa kitandani aliomba yasomwe yote, nasi tumemtii.

Januarius Ndaki alizaliwa tarehe 14 Februari 1974 huko Lingeka, Meatu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ndaki, mkulima wa pamba. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Alianza darasa la kwanza mwaka 1983, na walimu walimsifu kwa hesabu. Mwaka 1987 baba yake naye alifariki, watoto wakagawanywa kwa ndugu, na Januarius akaletwa hapa Dutwa kwa baba yake mdogo kuchunga ng'ombe. Shule ikaishia hapo. Kijana aliyekuwa mcheshi akawa mkali, mgomvi, mtu wa kuvizia. Aliiba kuku, akapigwa. Alirusha mawe kwenye mabati ya watu, akapigwa. Kila fimbo ilimwongezea ukaidi.

Oktoba 1990, wakati watu wakisubiri mvua za kulimia, ng'ombe wa Mama Mektilda waliingia kwenye mahindi ya baba yake mdogo yaliyokuwa yamewekwa uani. Januarius, aliyeachiwa kuyalinda, alikuwa amesinzia. Baba yake mdogo alimchapa hadharani, nguo zikiwa zimevuliwa, wasichana wakitazama. Jioni yake alichukua panga akamkata mguu maksai mmoja wa mama huyo, ng'ombe ikabidi achinjwe. Mama Mektilda alikuwa mjane mwenye maksai wawili tu wa kulimia.

Yowe lilipigwa, sungusungu wakamkamata, wakamleta uwanjani akiwa amefungwa kamba. Mzee Marcelo, aliyekuwa kamanda wao na ambaye leo yuko nasi hapa, alitangaza viboko kisha kufukuzwa kijijini. Baba yake mdogo aliulizwa kama ana neno.

"Mchukueni," alisema. "Mimi nimeshindwa."

Mama Mektilda akasimama. "Aliyekatiwa ng'ombe ni nani?"

"Ni wewe, mayu," Mzee Marcelo alimjibu kwa heshima, kama tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

"Basi mimi sitaki achapwe. Amechapwa tangu aje hapa, mmeona faida gani? Nipeni mimi niende naye nyumbani."

"Atakukata na wewe!" mtu mmoja alipaza sauti.

"Akinikata mtakuja kunizika. Mfungueni mikono."

Watu waliguna, wengine walimcheka. Alimfungua mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyetaka kumsogelea. Nyumbani alimpa maji ya kuoga na ugali kwa mlenda, kisha akamwonyesha kitanda katika chumba cha watoto wake. Mimi, binti yake wa kwanza, na wadogo zangu tulilia kwa hofu. Mama alituambia tunyamaze, mgeni amechoka.

Haikuwa rahisi. Kwa miezi mingi hakuzungumza na mtu, na alikula akiwa amegeukia ukuta. Mwaka uliofuata alitoroka na baiskeli ya mama, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitupelekea mahindi mashineni. Kijiji kizima kilisema, "Si tulisema?" Baada ya wiki moja alirudi kutoka Nyashimo akiikokota, amevimba miguu. Alisimama mlangoni akingoja fimbo. Mama alikuwa anapepeta mchele. Akaitazama ile baiskeli, akasema, "Hilo tairi la nyuma umelifanyaje? Kula kwanza, halafu uzibe pancha." Januarius alikaa chini pale pale akalia kwa sauti, kilio ambacho hakuwahi kulia siku aliyochapwa. Tangu siku hiyo alimwita mayu.

Alilima pamoja nasi hadi tukapata maksai mwingine. Jioni alisoma kwenye madaftari yangu hadi akaweza kuandika vizuri. Mwaka 1994 chama cha ushirika kilipokuwa kimeyumba na wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kuingia, alibeba pamba ya wakulima kwa mkokoteni hadi vituo vya kununulia. Wapo waliotia maji na mchanga kwenye pamba za watu. Yeye hakufanya hivyo hata mara moja, na Mzee Marcelo alikuwa hampi mwingine mzigo wake. Baadaye alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli hapa senta.

Tarehe 20 Septemba 1997 alifunga ndoa na Kwandu. Ng'ombe wa mahari walitoka kwenye zizi la Mama Mektilda, naye ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mzazi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mektilda mdogo na Athanasi. Hakuwahi kuwainulia mkono.

Mwishoni mwa mwaka jana alianza kulalamika maumivu ya tumbo. Alitibiwa Bariadi, kisha Mwanza, ambako madaktari walisema ni saratani ya ini na imekwisha kuenea. Alirudishwa nyumbani mwezi Aprili. Kwandu na mama walipokezana kumwogesha na kumgeuza. Siku moja alimuuliza mama, "Mayu, siku ile pale uwanjani, uliona nini kizuri kwangu?"

Mama alisema, "Sikuona kizuri chochote, mwanangu. Niliona una njaa, na hakuna aliyekuwa ameuliza."

Januarius alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2002, akiwa na umri wa miaka 28, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama.

Ameacha mjane, Kwandu, watoto wawili, kaka zake wawili wa Lingeka, baba yake mdogo, ambaye walipatana naye miaka mingi iliyopita, sisi wadogo na dada zake, na Mama Mektilda, ambaye tangu juzi hajala wala hajataka kuondoka kando ya jeneza.

Mungu ampokee Januarius na kumpumzisha. Na mama yetu, aliyemzika mume na leo anamzika mwana, ampe nguvu ya kuinuka kesho.